Maswali kwa Bibi: Mbona vifo vya wiki jana ni vichache?

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mlezi wa wazee majumbani hapa Columbus, Ohio. Msimu huu wa baridi nimeondokewa na wazee watatu niliokuwa nawahudumia. Tangu hapo imekuwa mazoea, kila wiki nafungua jedwali la vifo vya jimbo letu la CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na kuangalia moyo, saratani, kiharusi, nimonia. Kila nikifungua, wiki mbili tatu za mwisho zimeporomoka. Mwezi uliopita nikamwambia mwenzangu kazini kwamba afadhali, vifo vinapungua. Jana nimerudi kuziangalia wiki zile zile na namba zake zimepanda, nyingine karibu mara mbili. Nimeona aibu mbele ya mwenzangu. Je, kuna mtu anazibadilisha?

*Mlezi, Columbus*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa wazee wako. Kuwafulia watu nguo na kuwalisha kwa kijiko, kisha kuwatafuta ndani ya jedwali baada ya kuondoka, ni mapenzi hayo. Usione aibu. Kosa ulilolifanya nimewaona wakilifanya watu wenye shahada tatu.

Wasomaji wapya wa safu hii, mimi nilifanya kazi miaka kumi na saba katika ofisi ya kumbukumbu za vizazi na vifo ya jimbo moja jirani na Ohio. Kazi yangu ilikuwa kusoma vyeti vya kifo vilivyoingia na kuwapigia simu madaktari pale maandishi yalipokuwa hayaeleweki. Kwa hiyo hizo namba nimeziona zikiwa bado karatasi.

Hakuna aliyezibadilisha. Zimekuwa zikifika tu. Mchukue mmoja wa wazee wako, tuseme alifariki Jumanne. Watu wa nyumba ya mazishi wanakaa na familia, wanaandika jina, umri, alikozaliwa, kazi aliyofanya maisha yake, kiwango cha elimu. Daktari naye anajaza sehemu ya chanzo cha kifo. Sheria ya Ohio inampa saa 48, lakini daktari anaweza kuwa safarini, au mgonjwa alikuwa na madaktari wanne na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Cheti kikikamilika kinasajiliwa kwa msajili wa eneo, kinaingia kwenye mfumo wa jimbo, na jimbo linakituma kwa Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya, ambacho ni tawi la CDC. Huko maneno ya daktari yanageuzwa kuwa namba maalumu za Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, ambalo Marekani inalitumia kwa vifo tangu 1999. Vyeti vingi vinasomwa na kompyuta kwa sekunde chache. Vile vilivyoandikwa kwa namna isiyo ya kawaida vinamngoja binadamu avisome, na hapo siku zinapita.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililokuchanganya. Cheti kikifika baada ya wiki tano, hakihesabiwi kwenye wiki kilipofika. Kinarudishwa nyuma kwenye wiki ambayo mtu alifariki, inayoanza Jumapili na kuishia Jumamosi. Kwa hiyo wiki ya juzi inaendelea kupokea watu wake kwa muda mrefu. Unapoiona imeporomoka, unachokiona ni vyeti ambavyo bado viko njiani. Ohio hupoteza watu zaidi ya elfu mbili kila wiki ya mwaka. Ukikuta wiki ina mia saba, jua watu wengine wameshazikwa ila makaratasi yao hayajafika.

Mezani kwangu nilikuwa na rula ya mbao. Chati mpya ikiletwa, kabla sijasoma chochote naiweka rula hiyo wima juu ya wiki nane za mwisho, upande wa kulia. Nasoma zilizobaki tu. Mkuu wangu wa kazi alidhani ni ushirikina hadi siku alipojikuta ameahidi watu wa bajeti kwamba vifo vya mapafu vimeshuka, na wiki sita baadaye ikambidi arudi kwao na chati nyingine. Baada ya hapo alinunua rula yake. Kwako wewe kiganja kinatosha: funika wiki hizo.

Kisha, ukishazifunika, usilinganishe wiki na wiki iliyotangulia. Linganisha Februari na Februari za miaka ya nyuma. Watu hufa zaidi majira ya baridi, hasa kwa moyo na mapafu, na hupungua kiangazi. Ndivyo ilivyo mwaka hata mwaka. Anayelinganisha Januari na Juni atapiga kengele ya hatari kila mwaka bure, na mwaka wa hatari yenyewe hatasikilizwa. Mwaka 2019 Marekani nzima ilikuwa na vifo 2,854,838. Mwaka 2020 vikawa 3,383,729. Watu zaidi ya nusu milioni juu ya mwaka uliotangulia, na waliliona mapema wale waliokuwa wakiweka wiki mbele ya wiki ile ile ya miaka iliyopita, hata kabla ya kukubaliana nani aliandikiwa ugonjwa gani.

Kuna jambo la hapo hapo kwenu Ohio ambalo labda unalikumbuka. Februari 2021 idara ya afya ya jimbo ilitangaza kwamba vifo vya UVIKO-19 vipatavyo 4,000 havikuwa vimeingizwa kwenye hesabu iliyotangazwa kila siku. Wengi walikuwa wamekufa miezi ya nyuma, Novemba na Desemba. Vyeti vyao vilikuwepo, ila upande wa vyeti na upande wa taarifa za maambukizi havikuwa vimepatanishwa. Walipoanza kuviingiza, siku moja pekee viliongezwa zaidi ya elfu mbili, na mtu aliyetazama chati ya siku ya kutangazwa alidhani jimbo limeangamia usiku mmoja. Aliyetazama chati ya siku ya kufa aliona kilima cha Desemba kikipanda mahali pake. Vifo vilikuwa vile vile katika chati zote mbili. Baadaye jimbo likaamua kutegemea vyeti.

Kwa hiyo kabla hujaamini mstari wowote unaopanda au kushuka, soma chini ya chati: wamepanga kwa siku ya kufa, au kwa siku ya kupokea taarifa? Mwambie mwenzako hivyo, na umsalimie.

SWALI

Bibi, natumaini hujambo. Mama yangu alifariki Cleveland mwezi wa tatu. Alikuwa na kisukari miaka ishirini na miwili, na miaka sita ya mwisho alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo. Cheti chake kimeandikwa maneno mawili tu: moyo kusimama. Kaka zangu wanasema niache, marehemu hana la kufaidika. Mimi roho inaniuma. Mama anahesabiwa wapi kwenye hizo takwimu?

*Binti wa Cleveland*

JIBU

Dada yangu, Mungu amrehemu mama. Nitakujibu moja kwa moja: kama hakuna kilichoandikwa zaidi ya hayo maneno mawili, mama yako amehesabiwa kwenye safu ya maradhi ya moyo. Kusimama kwa moyo kuna namba yake, I46, na namba hiyo imo ndani ya kundi linaloitwa magonjwa ya moyo. Safu ya kisukari haimjui mama yako. Safu ya figo haimjui. Miaka sita ya kukaa kwenye kile kiti, mashine ikizunguka pembeni, haipo popote.

Na mimi nakuunga mkono kwamba inauma. Kila moyo husimama. Aliyepigwa risasi, moyo wake umesimama. Mwenye saratani ya ini, hivyo hivyo. Kumwandikia mtu kwamba moyo ulisimama ni sawa na kuandika kwamba alikufa kwa kufa.

Cheti cha Marekani kinampa daktari nafasi ya kutosha. Sehemu ya kwanza ina mistari minne, kuanzia (a) hadi (d). Juu kabisa anaandika tukio la mwisho. Mstari unaofuata, kilicholeta tukio hilo. Unaofuata tena, kilicholeta hicho. Pembeni ya kila mstari anaulizwa ni muda gani umepita tangu hali hiyo ianze: dakika, siku, miaka. Mstari wa chini kabisa uliojazwa ndio unaotakiwa kubeba mzizi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mlolongo wote, na huo mzizi ndio unaoingia kwenye jedwali la kila wiki. Halafu kuna sehemu ya pili, ya maradhi mengine yaliyochangia bila kuwa kwenye mlolongo.

Cheti cha mama yako kilipaswa kusomeka hivi: (a) moyo kusimama, dakika kadhaa, (b) figo kushindwa kazi, miaka sita, (c) kisukari, miaka ishirini na miwili. Kingeandikwa hivyo, angehesabiwa kwenye kisukari. Ni mtu yule yule na siku ile ile, ila safu nyingine kabisa, kwa sababu ya mistari miwili ambayo daktari aliiacha mitupu.

Nikuambie cheti kimoja nilichokishika kwa mikono yangu. Bibi wa miaka themanini na nne. Mstari wa (a): nimonia. Chini yake hakuna kitu. Lakini kule kwenye sehemu ya pili, kwa herufi za kubana kana kwamba mwandishi hakutaka zionekane: kuvunjika nyonga. Nikapiga simu. Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, amechoka. Nikamuuliza nyonga ilivunjika lini. Akasema wiki tano kabla, aliteleza bafuni kwake. Akafanyiwa upasuaji? Ndiyo. Akasimama tena? Akanyamaza kidogo, akasema hapana, hakuinuka kitandani tangu siku ile, mapafu yakajaa. Nikamwambia: daktari, haya uliyonieleza ndiyo yaandikwe, kwa mpangilio huo huo ulionipa.

Kesi ikaenda kwa mchunguzi wa vifo wa kaunti, kama sheria inavyotaka kifo kinapotokana na ajali, na mtu mmoja akatoka kwenye safu ya nimonia akaingia kwenye vifo vya kuanguka. Mtu mmoja tu. Lakini wanaoamua kama wazee wafungiwe vishikio bafuni wanaangalia safu ya kuanguka, hawaangalii ya nimonia. Nilikata simu nikakaa dakika nzima bila kufungua cheti kingine.

Jambo hili lina umri mrefu. London ya karne ya 17 ilikuwa ikichapisha orodha ya vifo kila wiki, na wanaoenda kutazama maiti nyumba kwa nyumba walikuwa wanawake wazee walioapishwa kwa kazi hiyo. Waliandika walichokiona au walichoambiwa: uzee, meno kwa watoto wachanga, kukonda. John Graunt, mfanyabiashara wa nguo aliyezichambua orodha hizo mwaka 1662, aliona kwamba wengi waliouawa na kaswende walikuwa wakiandikwa kwamba walikonda, kwa sababu familia zilitaka kuficha na mwandishi alipozwa kwa kinywaji na hela. Hata hivyo orodha zile hazikuwa bure. Wiki mbaya kuliko zote ya tauni ya 1665, katikati ya Septemba, ziliandika vifo 8,297, na 7,165 kati ya hivyo ni vya tauni. Hakuna kukonda kunakoweza kufunika namba kama hiyo. Kwenye janga kubwa, jumla ya vifo vyote hukuambia ukweli hata pale majina ya magonjwa yanapodanganya. Ni kwenye maradhi ya polepole, kama ya mama yako, ambapo mwandiko wa daktari ndio kila kitu.

Sasa la kufanya. Cheti kinaweza kusahihishwa, lakini anayeweza kubadilisha chanzo cha kifo ni yule yule aliyetia saini, daktari au mchunguzi. Karani wa ofisi hana mamlaka hayo hata ukimlilia. Kwa hiyo mwandikie daktari barua fupi ya adabu. Ambatisha karatasi za kliniki ya kusafishia damu, zenye tarehe aliyoanza. Usimlaumu, mwambie unaomba mlolongo kamili. Wengi hukubali, maana wengi hawakufundishwa vya kutosha kujaza cheti hiki. Kaka zako waambie kwamba watoto wao nao wataulizwa na madaktari kama nyumbani kwao kuna kisukari, na bibi yao asiwe amefutwa.

SWALI

Bibi, mdogo wangu wa kiume alikutwa amefariki ndani ya gari Dayton, wiki kumi sasa. Cheti kinasema chanzo bado kinachunguzwa. Sisi tunajua ni vidonge. Watu wanatupa pole huku wanasubiri kusikia. Kwa nini inachukua muda hivi, na je, yumo kwenye hesabu?

*Dada mkubwa*

JIBU

Pole mwanangu, pole mno. Kusubiri kwenu ni kama matanga yasiyoanuliwa.

Yumo kwenye hesabu ya watu wote waliokufa wiki ile. Hapo ameshahesabiwa tangu cheti kilipofika. Lakini kwenye sababu, kwa sasa amewekwa kwenye safu ya hali zisizojulikana, namba R99, pamoja na wengine wote ambao uchunguzi wao haujaisha. Katika Ohio kila kaunti kati ya 88 inashughulika na vifo vyake vya ghafla, na katika kaunti nyingi mchunguzi wa vifo ni daktari aliyechaguliwa kwa kura. Damu na mkojo hupelekwa maabara kutafuta fentanili na dawa nyingine, na majibu yanaweza kuchukua wiki hata miezi. Sheria inamruhusu mchunguzi kuandika kwamba chanzo kinangojwa ili ninyi mpate kuzika. Majibu yakitoka, cheti kinarekebishwa, na mdogo wako atahamishwa kutoka R99 hadi kwenye sumu ya dawa.

Ndiyo sababu jedwali la kila wiki la majimbo, ambalo CDC ililisasisha hadi Septemba 2023, halikuwa kabisa na safu ya ajali, sumu, kujiua wala kuuawa. Liliishia kwenye maradhi. Wangeziweka safu hizo kila wiki, zingeonyesha namba ndogo za uongo. Vifo vya kuzidisha dawa CDC huvitoa pembeni, kila mwezi, na huanzia miezi minne nyuma.

Mpigie mchunguzi, omba namba ya faili, uliza tu kama majibu ya maabara yameshatoka. Unaweza kuuliza tena kila baada ya wiki mbili. Na kwa wale wanaosubiri kusikia, hudaiwi jibu.

SWALI

Shikamoo Bibi. Nasoma afya ya jamii Cincinnati. Ninatengeneza jedwali la vifo vya Waohio kwa wiki kwa ajili ya darasa. Kuna vyumba vimeachwa wazi, na jumla yangu haifanani na ya mwalimu, ambaye alitumia jedwali la mwaka. Nimekosea wapi?

*Mwanafunzi*

JIBU

Marahaba. Vyumba vilivyo wazi si sifuri. Pale vifo ni kati ya 1 na 9, CDC inaficha namba ili mtu asijue jirani yake kafa kwa nini. Usijaze sifuri, wala usijaribu kuitoa kwa kutoa hesabu za safu nyingine. Andika kwamba imefichwa. Sifuri halisi huandikwa sifuri.

Na angalia pia safu ya Alzheimer. Inahesabu namba G30 tu, yaani Alzheimer iliyotajwa kwa jina. Daktari akiandika kupoteza kumbukumbu bila kutaja aina, mzee huyo hayumo humo.

Kuhusu jumla, fikiria mto ulio kati ya Ohio na Kentucky. Mgonjwa wa Covington, Kentucky, anavushwa daraja, anafia hospitali ya Cincinnati. Jedwali la kila wiki linamhesabu Ohio, kwa sababu linafuata mahali kifo kilipotokea. Majedwali mengi ya mwaka humrudisha Kentucky alikokuwa akiishi. Muulize mwalimu lake linafuata lipi. Na uhesabu wiki zako vizuri, maana 2020 ilikuwa na wiki 53. Hesabu zako huenda ni sahihi zote. Kilichokosewa ni kichwa cha jedwali. Futa "Vifo vya Waohio", uandike "Vifo vilivyotokea Ohio".